Doa la Saruji

Wananiuliza, kwa kuwa natengeneza,
kama projekta hizi za bei ya mbuzi mmoja
zinafaa kununuliwa.
Nawajibu bisibisi ikiwa mdomoni:
kaa kwanza, niifungue.

Kwenye boksi, lumeni elfu tisa.
Ndani, taa moja kama ukucha wa kidole gumba,
feni inayonguruma kama kinu cha posho,
kioo chembamba, lenzi ya plastiki,
na tundu ambalo mtu huko alikotoka
alisahau kuliziba.
Boksi linavuma. Debe tupu, unalijua.

Mchana haionyeshi kitu.
Saa kumi na mbili ni kivuli cha kivuli.
Ngoja saa mbili, funga dirisha, tundika shuka,
mwombe jirani azime hata sigara,
ndipo watu watokee ukutani
wakiwa na rangi ya chai ya jana.
Na umeme ukikatika
(hapa Tororo hungoja mpira ukaribie goli)
unabaki na shuka lako.

Mwalimu Owora nilimwambia asinunue,
aongeze kidogo atafute televisheni ya mtumba.
Alikuwa amekwisha kununua.
Watu huja kuomba ushauri
risiti ikiwa mfukoni.

Nyaketcho, muuza mukene, yeye alikuja mara tatu.
Ina doa, anasema.
Doa hilo nalijua kama ninavyojua kikohozi changu:
ni vumbi la kiwandani,
lile linalolala juu ya mabati, juu ya kisamvu,
juu ya kope za wapakiaji.
Linapita tunduni, linatua kiooni,
chembe usiyoiona kwa jicho,
nayo ukutani ni sahani.

Tupa, nikamwambia.
Nitakusafishia leo, mwezi ujao utarudi,
utalipa hadi pesa zifike bei ya nyingine.
Akasema: njoo uone inakofanyia kazi.

Vyumba viwili nyuma ya soko.
Kitandani mama yake, Bi Nyafwono,
nyonga imevunjika tangu mvua za kwanza,
kalala chali, hageuki.
Na projekta imesimamishwa kwa mkia ndani ya sufuria,
imebanwa kwa vipande viwili vya matofali,
mdomo juu,
inamwagia picha dari la magunia yaliyopakwa chokaa.
Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja.
Sikuwahi kufikiria dari.

Nikaifungua pale pale, kwa tochi ya simu,
pamba, spiriti, pumzi nimeibana.
Nikaiwasha taarifa ya habari inaanza.
Msomaji akatokea juu yetu, mpana kama mkeka,
uso safi toka paji hadi kidevu,
nami nikajisikia fundi.

Bi Nyafwono akatazama. Akatazama tena.
Huyu ni nani?
Ni yuleyule, mama.
Yule ana alama shavuni, akasema,
kila usiku anakuja nayo, huwa namsalimu.
Huyu simjui.
Akageuza kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu,
akaungojea usingizi akiuelekea ukuta.

Nilichukua nusu ya malipo
nikaondoka bila kumaliza chai.

Kwa hiyo ukiniuliza kama zinafaa,
nitakuambia ya kioo, ya feni, ya tundu,
nitakuambia lumeni elfu tisa ni uongo
na mbuzi wako angalau angezaa.
Hayo yote ni kweli, yaandike.

Lakini mwezi uliisha, Nyaketcho hakuja dukani.
Nikamkuta sokoni, nikamuuliza habari za doa.
Limerudi, akasema,
huku ananipimia mukene.
Kopo lilikuwa limeshajaa.
Akaongeza kiganja.